Mzuka Ukigeuzwa Somo

Msomaji mzoefu wa riwaya za kutisha za miaka ya karibuni hulitambua umbo lake kabla hajafika katikati ya kitabu. Mtu amefiwa, au aliumizwa utotoni na hajawahi kulisema. Anahamia nyumba ya zamani. Usiku wa manane milango inafunguka yenyewe, sauti inamwita kwa jina. Kurasa za mwisho tunaelewa kwamba mzuka ule ulikuwa majonzi yake mwenyewe: akishalia, akishaitoa siri, nyumba inatulia. Wapo wanaoamini kwamba kwa njia hii hadithi za kutisha zimekomaa. Wapo wanaosema zimeng'olewa meno. Mimi napenda vitabu vya namna zote mbili, ndiyo maana ubishi huu unanigusa.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na lalamiko la hao wa pili limo humo. Mzuka uliokwisha kufafanuliwa una mipaka. Tunajua umetoka wapi, unataka nini, na kipi kitautuliza. Hofu inayomfanya mtu alale na taa ikiwaka hutokana na kutojua kama kuna sharti lolote linaloweza kuufunga. Mwandishi wa Marekani Shirley Jackson alilijua hilo. Katika The Haunting of Hill House ya mwaka 1959, hatuambiwi kama ni nyumba inayomvuta Eleanor, mhusika mkuu, au ni Eleanor aliyeingia na upweke wake ukaipa nyumba sauti. Maelezo yote mawili yanaingia akilini, na hakuna hata moja linalomfariji msomaji.

Ubishi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1898 Henry James alitoa The Turn of the Screw, kisa cha mwalimu wa kike aliyeajiriwa kulea watoto wawili katika jumba la mashambani, akaanza kuwaona watumishi waliokwisha kufa. Mwaka 1934 mhakiki Edmund Wilson akaandika kwamba mizuka ile imo kichwani mwa mwalimu tu, imezaliwa na matamanio aliyoyakandamiza. Hoja yake ina nguvu. Lakini kitabu hakimwachii ushindi. Mwalimu anamweleza mtunza nyumba sura ya mwanamume aliyemwona: nywele nyekundu, uso mrefu uliopauka, mavazi mazuri yasiyo yake. Mtunza nyumba anamtambua papo hapo. Ni Peter Quint, marehemu, ambaye mwalimu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakupata kumwona. Hapo msomaji amenaswa. Akishika maelezo ya maradhi ya akili, sura ya Quint inamponyoka. Akishika mizuka, mwenendo wa mwalimu unamtia shaka. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado watu wanavutana juu ya kitabu hicho.

Kwa hiyo sikubali kwamba kuchungulia nafsi ya mhusika ndiko kunakoua hofu. Wala majonzi si mgeni katika fasihi hii. Stephen King aliwahi kuiweka kando Pet Sematary kabla ya kuichapisha mwaka 1983, akiona amevuka mpaka. Chanzo kilikuwa paka wa binti yake aliyegongwa barabarani, na mwanawe mdogo aliyeponea chupuchupu katika barabara hiyo hiyo. Ndani ya riwaya, daktari Louis Creed anamfukua mwanawe na kumzika upya katika ardhi inayorudisha wafu, ilhali paka aliyetoka humo amekwisha kumwonyesha kwamba kinachorudi si kile kilichozikwa. Mtoto anarudi, anaua. (Wasiokisoma wanisamehe kwa kufichua.) Kisha Louis anambeba mkewe aliyeuawa na kwenda naye pale pale. Hakujifunza kitu. Majonzi ndiyo yaliyomfumba macho, na hakuna ukurasa unaomwahidi kwamba machozi yangemponya.

Vitabu vingi vya sasa vinaanguka hapo. Mwandishi anamwonea mhusika wake huruma, jambo la kiutu kabisa, kisha anautuma mzuka umfundishe. Somo likiisha, mzuka unaondoka. Ninapofunga kitabu cha aina hiyo nahisi nimetunzwa vizuri, ila sijaogopa hata mara moja.

Lakini upande wa utetezi una kitabu kimoja ambacho sijaona mlalamikaji akikijibu: Beloved ya Toni Morrison, ya mwaka 1987. Kilitokana na kisa cha kweli cha Margaret Garner, mwanamke aliyetoroka utumwani mwaka 1856 na, alipokaribia kukamatwa, akamuua bintiye ili asirudishwe. Katika riwaya, binti aliyeuawa anarudi akiwa msichana mzima. Kila mtu anaweza kusema kwamba yeye ndiye historia ya utumwa, na atakuwa amesema kweli. Hata hivyo msichana huyo anakunywa maji kikombe baada ya kikombe, hashibi vitu vitamu, ananenepa huku mama yake akikonda. Maana aliyoibeba haikumwondolea mwili wala njaa.

Mwelekeo mpya umefanya jambo jingine ambalo walalamikaji hulipita haraka mno: umewapa kalamu watu waliokuwa wakichorwa kama tishio. H. P. Lovecraft, mwandishi wa hadithi za kutisha wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliandika The Horror at Red Hook akiwafanya wahamiaji wa Brooklyn, New York, kuwa uovu wenyewe. Mwaka 2016 Victor LaValle alikisimulia upya kisa hicho katika The Ballad of Black Tom, kupitia macho ya kijana Mweusi wa Harlem. Ubaguzi ameuweka wazi, na viumbe wa kale wa Lovecraft hakuwaondoa; bado wanangoja chini ya bahari.

Kwangu mimi, anayeyaunganisha haya vizuri zaidi leo ni Mariana Enríquez wa Argentina. Udikteta wa kijeshi na watu waliopotezwa wamo katika Nuestra parte de noche, riwaya yake ya mwaka 2019, lakini Giza linaloabudiwa humo linakata viungo vya waumini wake kwelikweli. Anayeona riwaya hiyo ni ndefu aanze na hadithi fupi, La casa de Adela. Msichana anaingia na wenzake katika nyumba iliyohamwa, anapita mlango mmoja, mlango unafungwa. Polisi wanapofika, ndani hakuna mlango huo wala vyumba, ganda la nyumba tu.