Unga wa mia niliuona kwenye runinga tu

Kuna mwandishi anayetaka serikali ya Kenya irudishe ruzuku ya unga wa mahindi ili familia maskini zipumue. Kwangu hapana. Julai 2022 ruzuku hiyo ilishusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 100. Nilizunguka maduka manne bila kitu. La tano nikaambiwa pakiti moja kwa mtu, na sharti ninunue na sukari! Septemba ruzuku ikaondolewa, hela zikaelekezwa kwenye mbolea. Mimi ni mpangaji, shamba sina. Mbolea nitaisonga ugali?

Anayetulisha ni mama anayeuza mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, pale sokoni, na mahindi yake mengi hupitia Namanga, mpakani na Tanzania. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, alitupandishia bei siku ile ile. Zuio lililegezwa baada ya siku chache, kwa masharti ya vyeti. Bei yake haikuwa na haraka hiyo ya kushuka.

Mama yangu hupata zile shilingi 2,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa wazee. Anaenda nazo sokoni mwenyewe, ananusa punje, anauma moja, ndipo anapeleka kusagisha. Ongezeni hapo. Na lori la mahindi likifika mpakani lipimwe sumukuvu siku hiyo hiyo, lisilale wiki nzima likinyeshewa.