Hiyo 320 yako imetoka wapi?

Kuna biashara moja mtaani inanikera. Mtu anachukua wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde (kiasi cha data kinachobeba kila sekunde ya sauti), anaupitisha kwenye programu ya kubadilisha faili, unatoka ukiwa 320, kisha anakujazia flashi na kukutoza zaidi kwa sababu eti ni "sauti HD". Faili limenenepa mara mbili na nusu. Wimbo ni uleule.

MP3 hubana kwa kutupa. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, na wenzao walioibuni waliangalia udhaifu wa sikio: sauti hafifu ikifunikwa na kubwa iliyo jirani yake hatuisikii, basi inaondolewa. Ndiyo maana dakika moja ya CD, ambayo ni kama megabaiti 10, inashuka hadi megabaiti 1 hivi kwa 128. Ni ujanja wa hali ya juu, wala sina ugomvi nao. Ila kilichotupwa hakirudi, hata ukiigeuza MP3 hiyo kuwa WAV, faili la sauti isiyobanwa. Ukiipeleka AAC, aina nyingine ya faili inayobana kwa kutupa, kisha ukairudisha MP3, kila hatua inatupa tena, mpaka matoazi yanalia kama yako ndani ya maji.

Asiyeamini aufungue wimbo kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, achague spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito chini na nyembamba juu. Faili lililowahi kupitia 128 mara nyingi hukatika karibu na kilohezi 16, na juu ya hapo ni giza, hata kama limeandikwa 320.

Mwenye kanda za taarab au za muziki wa dansi, azirekodi kwa WAV na azihifadhi kwa FLAC. FLAC hubana bila kupoteza hata biti moja, na ni ya bure tangu ilipotoka 2001. Kanda ya dakika 60 itakula kama megabaiti 600 kwa WAV; kwa FLAC mara nyingi ni karibu nusu yake. Tena inabeba jina la bendi, mwimbaji na mwaka humo humo ndani. (Nyimbo ngapi za zamani zinazunguka WhatsApp zikiitwa "Track 07"?)

Najua swali linalofuata: kanda yenyewe inakwaruza, FLAC ya nini? Kwanza, ule mvumo wa kanda ni mgumu kubanwa, na MP3 ya kiwango cha chini huuvuruga pamoja na muziki wenyewe. Pili, kesho ikija programu bora ya kusafisha sauti, itataka kazi kamili, si mabaki. Na kanda huchakaa; huenda isikubali kuchezwa tena.

Kutoka kwenye FLAC hiyo, toa MP3 za 192 au 256 kwa ajili ya gari na sabufa, maana redio nyingi za gari hazitambui FLAC. Wa iPhone watengeneze ALAC, ambayo nayo haitupi kitu.

Kusikiliza ni jambo jingine. Kwenye spika ya Bluetooth, ambayo kwa kawaida hubana sauti upya, sitofautishi FLAC na MP3 nzuri, na wengi wanaojidai wanatofautisha ningependa kuwafunga macho niwajaribu. Simu yangu haina FLAC hata moja. Zote ziko kwenye diski mbili, na moja nimemwachia dada yangu nyumbani kwake.