Mpwa Wangu Hakukosea

Juzi mpwa wangu karudi na daftari la sayansi lina alama nyekundu ya mkasi. Swali: maada ina hali ngapi? Kaandika "zaidi ya tatu". Sifuri.

Jibu hilo kalitoa kwangu. Simu yangu ilidondoka, kioo kikamwaga wino, tukaipeleka kwa fundi pale Makoroboi, hapa Mwanza. Nikamwambia mpwa wangu ule si wino, ni fuwele kimiminika: inateleza kama maji, lakini molekuli zake zimejipanga. Si yabisi, na si kimiminika cha kawaida.

Najua mtaala wa ngazi yake unataka yabisi, kimiminika na gesi, na mwalimu ana madaftari lukuki ya kusahihisha. Sawa. Ila angemwita amuulize, "Umelitoa wapi?"

Maana hadithi yenyewe ni tamu! Nendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba muangalie mama anavyopanga sato mezani. Wote wamelala sambamba, ila vichwa vimechanganyika, huyu katazama ziwani, mwenzake barabarani. Nematiki, yaani ile aina ya fuwele kimiminika ya kwenye kioo cha simu, ndivyo ilivyo. Geuza chanya na hasi ya umeme utakavyo, haijali, kwa sababu vichwa na mikia vinatoshana kila upande.

Sasa fikiria vichwa vyote vielekee ziwani, na bado samaki wanateleza. Mwanafizikia Max Born aliliwaza hilo mwaka 1916: molekuli zenye ncha chanya na hasi zielekee upande mmoja ndani ya kimiminika. Mwaka 2017 watafiti wa York, Uingereza, wakatangaza kiowevu cha ajabu, RM734. Japani nako kikatokea kingine, DIO. Mwaka 2020 kundi la mwanafizikia Noel Clark huko Colorado, Marekani, likathibitisha kuwa ndani ya RM734 vichwa vyote vinatazama kumoja. Umeme kidogo mno ukigeuzwa, vyote vinageuka. Hiyo ndiyo nematiki feroelektriki. RM734 inafanya hivyo ikiwa moto kuliko maji yanayochemka, lakini michanganyiko ya baadaye imeweza kwenye joto la kawaida.

Miaka 104! Wazee wa fizikia walikaa na swali hilo muda wote huo, na mtoto wetu tunamfungia lake kwa kalamu nyekundu.

Kile kioo kibovu sikukitupa. Jumatatu anakwenda nacho shule, mwalimu akibonyeze mwenyewe kwa kidole, aone lile doa jeusi linavyotanda.