Bei ya injini ya gari la kale: anayesuka upya anaonewa

Anayetafuta injini ya gari la kale hukutana na bei mbili zinazopishana mno: ya injini iliyong'olewa kwenye gari chakavu, na ya iliyosukwa upya, yaani iliyofumuliwa yote na kurudishiwa vipimo na sehemu mpya, ambayo huweza kuwa mara kadhaa ya ile ya kwanza. Wengi humwona muuzaji wa hii ya pili kuwa mlanguzi. Mimi naona anaonewa.

Tuchukue injini ya MGB, gari lililoundwa kuanzia 1962 hadi 1980. Ni injini ya cc 1,798, ya kawaida kabisa, na spea zake bado zipo. Hata hivyo, kuisuka kwa haki si kubadili ringi na gasketi. Bloku huoshwa na kukaguliwa nyufa, silinda huchongwa, krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) husagwa na kuvishwa metali mpya, yaani beringi zake. Silinda hedi nayo huwekewa viti vigumu vya valvu za ekzosi, maana vile vya awali vilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli.

Kinachosahaulika zaidi ni chuma chenyewe. Silinda ikichongwa hupanuka, hivyo pistoni za injini hii huja kwa hatua za kuzidi kipenyo cha awali: 0.020, 0.030, 0.040, na kwa kawaida huishia 0.060 ya inchi. Hiyo ya mwisho ni kama milimita 1.5 tu ya kipenyo. Akiba ya bloku, kwa miaka yake yote, ni hiyo milimita moja na nusu! Fundi wa haraka anayeruka hadi 0.040 pale ambapo 0.020 ingetosha amekula usukaji ambao mwenye gari wa baadaye angeuhitaji. Hatua zikiisha hubaki kuvisha silinda slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani yake, kazi ya gharama nyingine. Kwa hiyo usukaji mbovu haupotezi pesa ya leo tu. Na ukinunua injini iliyotumika bila kuipima, hujui imebakiza hatua ngapi.

Wanaotetea injini iliyotumika wana hoja, tena nzito. Ikiwa bado imo garini, ikawashwa ya baridi mbele yako, ikashika presha ya oili hata baada ya kupata moto, na kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote ikakaribiana kwa asilimia 10 hivi, hiyo ni bora kuliko "iliyosukwa" isiyo na karatasi. Zipo zilizooshwa na kupakwa rangi tu. Na pale namba ya injini inapolingana na ya kumbukumbu za kiwandani, hata iliyochoka huweza kuwa na thamani zaidi kuliko mpya.

Lakini injini iliyolala sakafuni, isiyoweza kuwashwa, ilipiwe kama bloku inayohitaji kila kitu, hata muuzaji aape vipi kwamba imetembea kidogo. Kwa iliyosukwa, dai vipimo vya silinda na krenkshafti kwa maandishi, na ikiwa imeshafika 0.060, bei ishuke. Kisha jumlisha mwenyewe spea, uchongaji na ujira wa fundi kwa injini ya aina hiyo. Bei ikikaribia jumla hiyo, hujaibiwa. Ikiwa chini sana, kuna kazi iliyorukwa, na muuzaji aulizwe ni ipi kabla pesa haijatoka.