Tuliweka ndoo mlangoni, tukafunga madirisha

Hapa Kigoma, ukipanda barabara ya Lumumba kutoka stesheni kuelekea Mwanga, bado utaziona ndoo za korona. Za plastiki, koki chini, stendi ya nondo, na chache zina kile kikanyagio cha mguu walichokuwa wanakichomelea mafundi wetu mwaka 2020 ili mtu asiishike koki. Nyingi zimekauka. Moja niliikuta imegeuzwa pipa la taka, na kwa kweli ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko ilivyokuwa na maji.

Sizibezi. Ila sehemu nyingi za kazi hapa mjini kwetu ndoo ndiyo ilikuwa mkakati wote, mwanzo na mwisho. Tulinawa mlangoni, tukaingia, tukafunga mlango, tukawasha kiyoyozi na kukaa masaa nane tukivuta pumzi moja na mwenzetu anayekohoa. Na yule anayekohoa alikuwa amekuja kazini kwa sababu asingefika, asingelipwa. Hayo mawili, hewa na ujira, ndiyo tuliyoyaacha. Kwa maoni yangu ndiyo yaliyokuwa na uzito.

Naelewa kwa nini Kigoma ilikimbilia ndoo. Sisi ni watu wa kipindupindu. Aliyekuwepo mwaka 2015 anakumbuka Kagunga: maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi wamebanana kwenye kijiji kidogo kati ya milima na ziwa, meli ya Liemba inakwenda na kurudi kuwaleta mjini, uwanja wa Lake Tanganyika umejaa watu wa kupokelewa. Kufikia mwishoni mwa Mei mwaka ule wagonjwa wa kipindupindu walikuwa wamefika kama 3,000. Kilichookoa watu pale kilikuwa maji safi, choo, sabuni, klorini na chumvichumvi ya kunywa. Somo lile liliingia vizuri, na miaka mitano baadaye, liliposemwa neno mlipuko, mikono yetu ilijua pa kwenda.

Lakini kirusi cha korona hakikusubiri mikono. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichelewa hapa: Machi 2020 lilitangaza kwa herufi kubwa kwamba ugonjwa huu hausambai kwa hewa, na ikachukua hadi mwishoni mwa Aprili 2021 kuandika waziwazi kwamba unasambaa hivyo, hasa ndani ya vyumba vilivyojaa watu na visivyopitisha hewa. Kama wao walichukua mwaka mzima, sitamlaumu mwenye duka la Gungu. Namlaumu zaidi yule ambaye mpaka leo anaandika mpango wa dharura wa ofisi kwa kunakili ule wa 2020, ndoo ikiwa namba moja.

Kuna kisa kimoja ambacho ningetaka kila meneja akijue. Machi 2020, Seoul, Korea Kusini, jengo refu lenye kituo cha kupokea simu za wateja kwenye ghorofa ya 11. Ghorofa hiyo ilikuwa na wafanyakazi 216. 94 waliambukizwa, karibu wote wakiwa wamekaa upande mmoja wa ukumbi, meza kwa meza, wakiongea kutwa. Sasa sikiliza sehemu inayofuata. Watu wa ghorofa nyingine walipanda lifti zilezile, wakabonyeza vitufe vilevile, wakapishana pale chini kila siku. Huko kwingine wagonjwa walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kama vitasa na vitufe ndivyo vingekuwa njia kuu, jengo zima lingelala.

Fikiria moshi wa migebuka inayobanikwa ndani ya chumba kilichofungwa. Huwezi kuunawa moshi. Unafungua dirisha, au unatoka nje.

Na hapa mji wetu una kichekesho chake. Ukienda mwalo wa Kibirizi au Katonga, akina mama wanaoanika dagaa, pamoja na kelele zote na msongamano wote, walikuwa salama kuliko mhasibu. Upepo wa ziwa unawapiga kutwa. Stesheni ya reli, jengo la Mjerumani, ina dari ndefu na milango mikubwa kwa sababu waliojenga walikuwa wanakimbia joto. Mwaka 2007 watafiti huko Lima, Peru, walipima upitishaji wa hewa hospitalini wakiwaza kifua kikuu, wakakuta vyumba vya majengo ya zamani, yenye dari za juu na madirisha makubwa, vinapitisha hewa vizuri kuliko vya majengo mapya. Sisi tumekwenda kinyume. Ofisi mpya ni dari ya jipsamu unayoweza kuigusa, kioo cha alumini cha kusukuma ambacho nusu yake haifunguki kabisa, na kiyoyozi kinachozungusha hewa ileile. Kibanda cha wakala wa miamala ndiyo usiseme: tundu moja la kupitishia pesa, na dada amekaa ndani na mtoto.

Najua madirisha hufungwa kwa sababu. Kiangazi kuna vumbi, masika mvua inaingia mpaka kwenye makabrasha, jioni mbu. Basi weka wavu, sogeza meza, fungua mawili yanayotazamana hata kwa dakika kumi kila saa, feni iwekwe dirishani ikitupa hewa nje badala ya kuwapulizia watu usoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili.

Barakoa nayo ilisaidia pale ilipovaliwa puani, siyo kidevuni. Wataalamu wa usalama kazini wanaiweka ngazi ya mwisho, baada ya kuondoa hatari yenyewe, kurekebisha jengo na kupanga upya kazi, kwa kuwa inategemea kila mtu kukumbuka kila dakika. Kipimajoto cha kuelekezwa kama bastola kwenye paji la uso kilikuwa maonyesho zaidi ya kinga. Mtu aliweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya kuhisi homa. Level siti kwenye daladala, yaani kila abiria akae na asisimame mtu, niliipenda sana. Iliondoka mapema mno.

Sasa la ujira, ambalo linaniuma.

Wakati ule nilikuwa karani kwenye ofisi moja karibu na bandari. Mizigo ya kwenda Congo na Burundi ilibebwa na wachukuzi wa kulipwa kwa siku. Mwanzoni mwa 2021, enzi zile za kusema "changamoto ya upumuaji" badala ya korona, huku takwimu za taifa zikiwa zimesimama tangu Mei 2020 kwenye wagonjwa 509, mzee mmoja tuliyemheshimu alifika akikohoa mpaka anashika ukuta. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, leo ungepumzika." Akaitikia marahaba, akapumua kwanza, ndipo akasema: "Mwanangu, leo kuna meli."

Ungemjibu nini? Alinawa kwenye ndoo yetu, akaingia ghalani na wenzake ishirini.

Sisi wenye mikataba tulikuwa na pa kuegemea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Unakwenda hospitali, daktari anakupa ED, cheti cha kupumzika kazini, unalala nyumbani. Ila asiyetimiza miezi sita kwa mwajiri kwa kawaida hayumo, na kibarua anayeanza upya kila asubuhi hatimizi chochote. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anagusana na mabaharia, madereva na nusu ya mji ndiye pekee aliyekuwa na kila sababu ya kuficha kikohozi. Chanjo zilipozinduliwa nchini Julai 2021, tulihimizwa kwenda kuchanja, na vizuri. Ila hata hapo mchukuzi aliyepata homa ya siku mbili baada ya sindano alizilipia mwenyewe.

Wapo watakaosema hayo yamepita, Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura Mei 2023. Mei hiyohiyo jirani zetu wa Kagera walikuwa bado wanahesabu siku baada ya mlipuko wa Marburg, ile homa kali inayoua haraka, na Januari 2025 ikatangazwa tena Biharamulo, wilaya inayopakana na mkoa wetu. Mpox nayo ilikuwa imezunguka Congo na Burundi. Kwa Marburg ndoo irudi mlangoni, na glavu pia, maana ule unapita kwenye damu na majimaji ya mwili. Kila ugonjwa una mlango wake, na mpango wa kazini uanze kwa kuuliza mlango upi. Lakini swali la ujira halibadiliki kwa ugonjwa wowote: anayeumwa akae nyumbani, na anayekaa nyumbani ale.

Waajiri wadogo watasema hawana fedha, na wengi hawasemi uongo. Ila wachukuzi tayari wanachangiana misiba. Daftari lipo, mweka hazina yupo, na mchango haujawahi kukosekana jeneza likihitajika. Kwenye daftari hilohilo uongezwe ukurasa wa siku za kuumwa, na mwenye mzigo naye aweke chake juu ya kila shehena kabla meli haijang'oa nanga. Kiasi wajadili wenyewe. Mimi ningeanzia nusu ya ujira wa siku, kwa siku tano, bila kumdai mtu cheti, maana kufuata ED ya mafua ni kushinda asubuhi nzima kwenye benchi moja na wagonjwa wengine.