Si Kila Damu ya Haja Kubwa Ni Bawasiri

Katika maduka ya dawa ya mitaani kuna mteja anayetambulika kabla hajasema neno. Husubiri wenzake wahudumiwe na kuondoka, husogea karibu na kaunta, kisha kwa sauti ya chini huomba dawa ya bawasiri. Muuzaji humpa tyubu ya kupaka au vidonge vya kuingiza, hupokea pesa, na mambo huishia hapo. Hakuna aliyeuliza damu ilianza lini, ina rangi gani, inatoka pamoja na maumivu au bila maumivu, wala kama mtu huyo amepungua uzito. Mgonjwa amejipimia ugonjwa mwenyewe, na dawa imetolewa kwa kufuata kauli yake. Mazoea haya yananisikitisha, kwa sababu ni rahisi sana kuyabadili na madhara yake ni makubwa.

Nikiri kwanza kwamba mara nyingi mteja huyo huwa amepatia. Damu kidogo nyekundu inayoonekana kwenye karatasi au kudondoka mwishoni mwa haja, bila maumivu, kwa kawaida hutokana na mishipa ya damu iliyovimba ndani ya njia ya haja kubwa, na hiyo ndiyo bawasiri. Huwapata sana wajawazito, wanawake waliojifungua karibuni, na watu wenye choo kigumu cha muda mrefu. Ikiwa damu inaambatana na maumivu makali ya kukata wakati choo kinapita, huenda ngozi ya tundu la haja kubwa imechanika. Hali zote mbili hutulia mara nyingi kwa kunywa maji ya kutosha, kula matunda, mboga, maharage na ugali wa dona badala ya sembe, kukalia maji ya uvuguvugu, kuacha kujikamua, na kuacha kukaa chooni muda mrefu na simu mkononi.

Shida ni kwamba jina bawasiri limekuwa kapu la kutupia kila damu inayotoka huko chini. Saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana nayo hutoa damu nyekundu, na katika hatua za mwanzo inaweza isiume hata kidogo. Mtu anaweza pia kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja, akapaka dawa, akapata nafuu ya ile iliyo ndogo na kuridhika. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama vidogo visivyo na madhara, ambavyo kwa kawaida huchukua takriban miaka 10 hadi kugeuka, na daktari akivikuta mapema kwa kipimo cha kamera huvikata papo hapo. Ni nadra saratani kutupa muda mrefu kiasi hicho wa kuizuia, na inauma kuona muda huo ukimalizikia kwenye tyubu za dawa ya kupaka.

Wala tusijifariji kwamba huo ni ugonjwa wa wazee. Mwigizaji wa Marekani Chadwick Boseman aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana mwaka 2016, ikiwa tayari imefika hatua ya tatu, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi hiyo waliteremsha umri wa kuanza kupimwa kwa watu wasio na dalili yoyote kutoka miaka 50 hadi 45. Huku kwetu ambako wengi hawapimwi kabisa, dalili ndiyo nafasi pekee tunayopewa, na damu ni mojawapo ya dalili zilizo wazi zaidi.

Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria kuna sababu nyingine ambayo dawa ya bawasiri haiigusi kabisa, nayo ni kichocho cha tumbo. Mvuvi au mtoto anayeoga ziwani akiharisha damu mara kwa mara anahitaji kupimwa choo, kwa sababu kichocho kina dawa yake, prazikwanteli, na kikiachwa huharibu ini. Kuhara damu pamoja na homa nako ni maambukizi yanayohitaji tiba ya haraka.

Lawama sizielekezi kwa wagonjwa na wauzaji wa dawa peke yao. Wapo wahudumu wa afya wanaosikiliza malalamiko haya wakiwa upande wa pili wa meza na kuandika dawa bila kumwangalia mgonjwa. Uchunguzi wenyewe ni mfupi. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, hukunja magoti kuelekea tumboni, na mhudumu aliyevaa glavu iliyopakwa jeli huingiza kidole kimoja taratibu ili kupapasa kama kuna uvimbe. Dakika mbili hazifiki. Mgonjwa ana haki ya kuomba ahudumiwe na mtu wa jinsia yake, au awepo shahidi chumbani. Anayeogopa aibu ajue kwamba kwa daktari hiyo ni kazi ya kila siku.

Damu ya mara moja baada ya choo kigumu inaweza kusubiri siku chache huku mtu akirekebisha chakula. Ikijirudia kwa wiki mbili au tatu, nenda ukachunguzwe. Nenda mapema zaidi ikiwa damu imechanganyika na kinyesi, choo kimebadilika bila sababu, unajihisi hujamaliza kila utokapo chooni, uzito unapungua, au umeambiwa una upungufu wa damu. Damu nyingi au yenye mabonge, kizunguzungu, maumivu makali ya tumbo, au choo cheusi kama lami chenye harufu kali ni mambo ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Choo cheusi cha namna hiyo huashiria damu inayotoka juu, mara nyingi kwenye vidonda vya tumbo, ingawa vidonge vya madini ya chuma navyo huweza kukifanya cheusi. Anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari, bila kuziacha kwa uamuzi wake.

Kisha kuna swali ambalo daktari atauliza na wengi hawana jibu lake: je, katika ukoo kuna aliyeugua saratani ya utumbo? Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua hushauriwa kuanza kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligunduliwa, kwa kufuata kinachotangulia. Lakini misibani tunaambiwa tu kwamba marehemu alisumbuliwa na tumbo, na watoto wake hukua bila kujua. Wazee wanaofahamu ukweli wawaambie vijana wao, kwa jina la ugonjwa na umri wa mgonjwa.