Pikapu Iliyogoma Kusimama Harusini

Nilitaka pikapu ya kubebea korosho kwa bei ya baiskeli, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Injini yake ya petroli ilinoki msimu ukiwa ndiyo kwanza umechanganya. Kupata nyingine ilibidi nipige simu Dar es Salaam, nikatajiwa bei ya kumkosesha mtu usingizi. Ndipo fundi wangu wa Magomeni, hapahapa Mtwara mjini, akaniambia kuna jenereta kuukuu limelala uani kwa mtu. Dainamo limeungua, injini nzima. Dizeli, silinda nne.

"Dizeli ni dizeli, kaka," akasema. "Haijui imefungwa wapi."

Kumbe inajua.

Wiki tatu tulichonga sahani ya chuma ya kuiunganisha na giaboksi, tukachomelea mauntini upya. Boneti ikakataa kufunga kwa sababu injini ni ndefu, tukaivua kabisa. Uzito wake ukaiinamisha gari pua chini kama kuku anayedonoa mchele. Lakini ikawaka! Nikakanyaga mafuta, mlio uleule. Nikaachia, uleule.

Injini ya jenereta imelelewa kuzunguka mara 1500 kwa dakika, basi, kwa kuwa umeme wa hezi 50 ndivyo unavyotaka. Ina kidude kinaitwa gavana, kazi yake kuhakikisha haipungui wala haizidi. Ikielemewa, gavana anaongeza dizeli. Kwa hiyo pikapu yangu kila gia ilikuwa na mwendo wake mmoja: gia ya nne kama 50, ya pili 20 na ushei. Sikuona tatizo. Trafiki gani atakukamata?

Na ya kuzimia? Ufunguo haukuzima kitu. Unaweza kuutia mfukoni na injini inaunguruma. Kuna kikono kiko chini ubavuni, karibu na ekzosi, unakibonyeza kwa mkono. "Kebo ya kukileta ndani nitaivuta Jumatatu," akasema fundi.

Harusi ilikuwa Jumamosi.

Tukaondoka kwenda Mikindani: mimi na mama mkwe mbele, nyuma shemeji na masufuria ya pilau, magunia ya mkaa na godoro la maharusi. Kwenye mteremko wa kuingilia Mikindani nikatia gia ya pili, na hapo pedali ya klachi ikazama chini. Haikurudi, na injini ikabaki imeng'ang'ania magurudumu. Nikakanyaga breki. Gavana akaona, aha, mzigo, akamwaga dizeli. Nikakaza, naye akakaza. Moshi mweusi ukatanda barabarani. Nikavuta gia itoke, imeganda kama imepigwa msumari, na kila nilivyokanyaga breki ndivyo nilivyozidi kuibana.

Tukaifikia nyumba ya harusi. Vigelegele! Ngoma! Watoto wakashangilia. Tukapita.

"Baba Salma, nyumba ndiyo ile."

"Nimeiona, mama."

"Mbona husimami?"

"Nazunguka kidogo, mama."

Mara ya pili vigelegele vikapungua. Mzee mmoja akatupita kwa baiskeli, akatusalimia, akatuuliza habari za Mtwara. Mara ya tatu ngoma ilikuwa imenyamaza na bibi harusi mwenyewe katoka nje kutuangalia. Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 alikuja na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu wa mizigo na punda. Niliwaza, wale angalau ukivuta kamba wanasimama.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba dizeli bila hewa haina ujanja, na bomba la hewa la injini yetu lilikuwa wazi, limetazama mbinguni. Nikatoa kichwa dirishani. "Shemeji! Ziba hewa!"

"Kwa nini?"

"Kwa chochote!"

Shemeji akapanda juu ya kibanda, akateremkia kwenye kioo, makalio yake yakanizibia barabara yote. "Mama, nipe khanga!" Mama mkwe akanitazama. Ni khanga mpya, doti ya kushonewa sare ya familia, asubuhi ile ndiyo ya kwanza kuvaliwa. Akaifungua begani taratibu, akampitishia dirishani bila kusema neno.

Injini ikaivuta khanga kama mtu anayemeza ugali bila mchuzi. Ikakohoa, ikatetemeka, ikafa mlangoni kwa mwenye ng'ombe wa maziwa, nyumba nne mbele ya harusi. Masufuria tukayabeba kichwani.

Khanga ilitoka na tundu la kupitisha papai. Wiki iliyofuata nikaenda kwa mama mkwe na doti mbili mpya na kilo ya sukari, nikamkuta barazani akipepeta mchele. Akazipokea, akazikunjua, akaziangalia kwenye mwanga.

"Umekuja na nini?"

"Bajaji, mama."

Akainua shingo kuchungulia barabarani.

"Imezimwa?"

"Imezimwa, mama."

"Hebu nenda kaangalie tena."